Bunduki Kenya: Nani Anaruhusiwa, Zinatoka Wapi, na Mbona Mjadala Huu Lazima Upitie Lamu

Ukikaa baraza za Langoni usiku baada ya Isha, kikombe cha kahawa mkononi, utasikia stori za mpira, siasa na bei ya samaki. Halafu mtu ataitaja Mpeketoni, ama Boni, ama Hindi, na sauti zitashuka. Hapo ndipo swali linaingia: wananchi wapewe bunduki wajilinde, ama gava izidi kukaza?

Hili swali liko kila mahali Kenya, kuanzia Baringo mpaka Eastleigh. Lakini Lamu inaliweka wazi kuliko kwingine, kwa sababu hapa kuna pande mbili zilizotenganishwa na maji. Kisiwani, mtu wa kawaida anaweza kuzeeka bila kushika bunduki. Vuka na boti mpaka Mokowe, shika barabara ya bara, na uko kwenye vijiji vilivyovamiwa na watu wenye AK zaidi ya mara moja.

Kama umekuwa ukibishana na wasee kuhusu hii mambo bila kujua sheria inasema nini, soma hii kwanza.

Kwa ufupi, kama una haraka

- Kenya hakuna haki ya kikatiba ya kumiliki bunduki. Ni ruhusa, na inaweza kunyang'anywa.
- Bunduki nyingi za raia haziko kwenye daftari la serikali. Hazina leseni kabisa.
- Sheria kali inapunguza bunduki za watu wa kawaida. Haimgusi mtu anayevuka mpaka usiku.
- Kuwapa watu silaha kumesaidia mahali na kuharibu mahali. Tofauti ni nani anazihesabu.

Sheria inasema nini?

Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Wanaotoa leseni ni Bodi ya Leseni za Silaha. Ukitaka mguu wa kuku, yaani bastola, unaenda kwao na sababu ya maana. "Naogopa mtaa wetu" peke yake haikufikishi mbali. Wataangalia cheti chako cha maadili mema kutoka DCI, akili yako kama iko sawa, kama umefunzwa kutumia silaha, na mahali utakapoiweka. Na ukipewa, leseni si ya milele. Lazima uifufue, na bodi inaweza kuifuta.

Bunduki ya kivita kama AK-47 ni stori nyingine kabisa. Hiyo raia hapewi leseni. Ukipatikana nayo, sheria inataja kifungo kikali cha jela. Na usidhani bunduki ya bandia ni mchezo: ukiitumia kutisha mtu umwibie, umeingia kwenye sheria hiyo hiyo.

Linganisha na Marekani. Kule, Marekebisho ya Pili ya katiba yao, ya mwaka 1791, yanataja haki ya watu kubeba silaha. Ndiyo maana mjadala wao huanza na "haki yangu". Katiba yetu ya 2010 haina kitu kama hicho. Iliyo nayo ni Kifungu cha 29, kinachosema una haki ya kuishi salama, bila kufanyiwa fujo na serikali wala na mtu mwingine. Kwa hivyo Kenya swali si kama una haki ya bunduki. Swali ni kama serikali inakupa huo usalama iliokuahidi.

Mwisho wa 2018, waziri wa usalama wakati huo, Fred Matiang'i, aliagiza kila mwenye leseni ajitokeze akaguliwe upya. Sababu ilikuwa wazi: leseni zilikuwa zimeingia mikononi mwa watu wasiofaa, na wengine walikuwa wakichomoa bastola kwenye klabu kama wanatoa simu.

Ziko ngapi kwa ground?

Shirika la utafiti la Small Arms Survey, lililoko Geneva, lilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000. Zilizosajiliwa? 8,136. Piga hesabu: katika kila bunduki 100 zilizo kwa raia, ni kama moja tu serikali inaijua.

Ukilinganisha na majirani, makadirio hayo yanaipa Kenya kama bunduki moja na nusu kwa kila watu 100. Tanzania na Uganda ziko chini ya moja. Somalia iko kwenye 12 hivi. Marekani iko 120, yaani bunduki ni nyingi kuliko watu.

Sasa uone shida. Tukibishana kuhusu leseni, tunabishania ile bunduki moja kati ya mia. Zile 99 hazikupitia kwa bodi yoyote.

Serikali imekuwa ikichoma zile inazonasa. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwasha moto bunduki 5,250 pale Ngong, na 2021 zingine 5,144. Picha zilikuwa kali. Lakini ukiweka hizo elfu kumi kando ya makadirio ya laki saba na nusu, unaona kazi iliyobaki.

Lamu imepitia nini?

Wengi wenu mnajua Lamu ya punda, Maulidi na picha za Shela. Hii ndiyo Lamu nyingine.

Septemba 2011, watu wenye bunduki walivamia hoteli ya ufuo karibu na Kiwayu, wakamuua Mwingereza David Tebbutt na kumteka mkewe Judith. Wiki tatu baadaye, Oktoba 1, Mfaransa Marie Dedieu alichukuliwa kutoka nyumbani kwake Manda. Manda ni hapo ng'ambo tu, ukisimama gati ya Lamu unaiona. Marie alifia mikononi mwa watekaji. Mwezi huo huo KDF wakaingia Somalia. Watalii wakakauka, na mabichboi, manahodha na mafundi wa Langoni wakakaa bila kazi.

Juni 15, 2014, watu walikuwa wakitazama Kombe la Dunia Mpeketoni. Al-Shabaab wakaingia na magari, wakashambulia mji, hata kituo cha polisi. Usiku uliofuata wakarudi kwenye vijiji vya karibu. Zaidi ya watu 60 walikufa. Julai ikawa zamu ya Hindi, na Gamba kule Tana River.

Serikali ikaweka kafyu ya usiku Lamu nzima. Uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku, na hiyo marufuku ikadumu miaka. Hapa Langoni ikaguswa bila risasi hata moja kulia mtaani. Kuna samaki wanaovuliwa usiku tu, na familia ya mvuvi haili kafyu.

Septemba 2015 ikaja Operesheni Linda Boni. Mara ya kwanza tuliambiwa ni ya siku 90. Ilienda miaka. Julai 2017 kituo cha polisi cha Pandanguo kilishambuliwa, na siku chache baadaye wanaume 9 wakachinjwa kijiji cha Jima. Mwezi huo huo Katibu wa wizara, Maryam El Maawy, alitekwa Milihoi. Aliokolewa akiwa na majeraha na akafariki Septemba. Januari 2022 watu 6 waliuawa upande wa Widho. Juni 2023 ikawa Juhudi na Salama, watu 5.

Soma hiyo orodha tena na ujiulize: ni ipi kati ya hizo ingezuiwa na leseni kali zaidi Nairobi?

Sasa hizo bunduki zinatoka wapi?

Ya kwanza ni mpaka. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Somalia mwaka 1991, maghala ya jeshi yaliachwa wazi. Kaskazini, vita vya Sudan Kusini na Uganda vilileta zingine. Bunduki haiozi. AK iliyotengenezwa kabla babako azaliwe bado inafyatua.

Ya pili ni ndani. Kuna kesi nyingi mahakamani za polisi kukodisha silaha ama kuuza risasi. Mwizi wa Nairobi hahitaji kwenda Mogadishu, akimjua karao mwenye njaa.

Ya tatu ni zile serikali yenyewe iliwapa watu, halafu ikapoteza hesabu. Hapa tunafika kwa NPR.

"Tupeeni bunduki tujilinde": hoja yao ina uzito?

Ina uzito, na ukiwa kisiwani usiidharau. Mkulima wa Salama akisikia milio usiku, kambi ya polisi iko mbali na barabara inaweza kuwa na bomu. Hao askari wakifika, nyumba imeshaungua. Ndiyo maana kila baada ya shambulio wito unarudi: ongezeni polisi wa akiba, wale tunaowaita NPR, vijana wa pale pale wanaoijua kila njia ya msitu.

NPR wako kwenye Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011. Ni watu wa kujitolea. Wanapewa bunduki ya serikali, na kwa miaka mingi wengi hawakupewa mshahara. Tafakari hiyo kidogo: unampa kijana asiye na kazi AK, humlipi, halafu unashangaa akiikodisha. Mwaka 2019 serikali iliagiza NPR sehemu nyingi, hasa kaskazini, warudishe silaha wapigwe msasa. Sababu ilikuwa kwamba zingine zilikuwa zinatumika kwa wizi wa mifugo. Lakini palipokuwa na NPR waaminifu, watu waliachwa mikono mitupu kwa siku moja.

Hili si jambo la kubahatisha, majirani walilijaribu. Uganda ilianza kuwanyang'anya Wakaramoja silaha mwaka 2001. Waliorudisha kwa hiari wakavamiwa na majirani waliobaki nazo, wakiwemo wa upande wetu, Waturkana na Wapokot. Awamu ya 2006 ilitumia nguvu sana na watu waliumizwa. Lakini bunduki zilipopungua pande zote na askari wakabaki hapo, kukatulia, masoko yakafunguka. Kuanzia 2019 hivi, mashambulizi yakarudi, kwa sababu silaha mpya zilikuwa zinavuka mpaka.

Somo ni rahisi: ukinyang'anya upande mmoja bila kuulinda, umemsaidia adui yake. Hata kule kwetu kaskazini, Operesheni Maliza Uhalifu ya Februari 2023 ilianza kwa kuwapa watu siku chache warudishe bunduki kwa hiari. Swali la Mpokot ama Mturkana lilikuwa lile lile: nikirudisha yangu leo, nani atanilinda kesho?

Na wanaosema "hapana, msiongeze"?

Nao wana pointi. Silaha ikiingia kijijini haitoki. Ugomvi wa shamba, wivu, pombe, kijana aliyeshikwa na unga anayetafuta kitu cha kuuza: hizi zote zipo tayari Lamu. Ongeza bunduki na ile fujo iliyokuwa inaishia hospitali inaishia makaburini.

Halafu kuna siasa za ardhi. Lamu bara ina kidonda cha zamani cha nani alipewa shamba na nani alikosa. Ukiwapa silaha watu wa kijiji kimoja na ukaruka kingine, hata kama nia ni kuzuia Shabaab, jirani ataona anatengenezewa vita. Hao Waboni wa Basuba, ambao shule zao zilifungwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama, nao wanataka kujua wako kwenye hesabu ya nani.

Na kuna jambo ambalo hatulizungumzii: kujiua. Marekani mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki, na zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Bunduki nyumbani haimsubiri mwizi peke yake.

Nje ya hapa, sheria kali ilisaidia?

Australia ndiyo mfano kila mtu hutaja. Mwaka 1996 mtu mmoja aliua watu 35 Port Arthur. Serikali ikabadilisha sheria na kununua zaidi ya bunduki 600,000 kutoka kwa raia. Vifo vya bunduki vilipungua. Watafiti bado wanabishana ni kiasi gani kilitokana na sheria, maana vilikuwa vimeanza kushuka kabla. Uingereza nayo ilipiga marufuku bastola mwaka 1997, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa shuleni Dunblane.

Upande wa pili, Mmarekani John Lott aliandika mwaka 1998 kwamba raia wenye silaha wanapunguza uhalifu. Hoja yake ilisambaa sana. Mwaka 2004 jopo la wanasayansi wa Marekani lilipitia ushahidi na kusema hautoshi kuthibitisha hivyo, wala kinyume chake.

Lakini kabla hujanakili Australia, kumbuka kitu kimoja: ile ni nchi iliyozungukwa na bahari. Sisi tuna mpaka wa msitu na zile 99 kati ya mia ambazo hazina jina.

Panga je?

Swali zuri. Mombasa na Kisauni wanajua magenge ya vijana wenye mapanga, na hakuna bodi ya leseni za panga. Jima watu walichinjwa, hawakupigwa risasi. Kwa hivyo kuna msee atakwambia bunduki si shida, shida ni moyo wa mtu.

Nusu ni kweli. Sheria yetu yenyewe haitofautishi sana: chini ya Kifungu 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, kuiba ukiwa na silaha yoyote ya hatari, ama mkiwa zaidi ya mmoja, ni wizi wa mabavu, na adhabu iliyoandikwa ni kifo, ingawa Kenya haijanyonga mtu tangu 1987.

Nusu nyingine ni hii: panga unaweza kulikimbia. Genge la panga linaumiza mtaa. Watu wachache wenye AK wanafunga kaunti nzima, uvuvi, shule na utalii, kwa miaka. Tena Jima hawakuja na visu peke yake. Bunduki ndiyo inayowafanya watu wasithubutu kupigana.

Na zile za gava?

Hapa Lamu kuna kitu cha kukukumbusha. Ile Ngome pale Mkunguni ilijengwa miaka ya 1813 hadi 1821, baada ya vita vya Shela, na baadaye ikawa jela mpaka 1984. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliozuia bunduki kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka huo huo Waingereza walitua pwani hii na kuichoma Witu ya Sultani Fumo Bakari. Kuzuia silaha kila mara kuna swali la pili: nani anabaki nazo?

Kizazi chetu kilipata jibu lake Juni 25, 2024. Sheria ya Polisi inasema, kwenye Jedwali la Sita, kwamba afisa atumie bunduki pale tu njia nyingine zimeshindikana, kwa mfano kuokoa maisha. Tuliona kilichotokea. Na Lamu iliona mapema: Linda Boni ilipokuwa ikiendelea, familia za hapa zililalamika kwamba vijana wao walichukuliwa na hawakurudi.

Hii si stori ya pembeni. Mtu akimwogopa karao kama anavyomwogopa Shabaab, akiona mgeni msituni ananyamaza. Na habari za mwananchi ndizo zinazozuia shambulio kabla halijatokea. Kuna IPOA ya kupokea malalamiko dhidi ya polisi. Itumie.

Ukiokota risasi ama bunduki, ufanye nini?

Usiguse, usipige picha na kuposti, usimpe rafiki akuwekee. Mwambie mzee wa mtaa, chifu ama kituo cha polisi, na uende na mtu mzima shahidi. Dharura piga 999 ama 112. Ukijua mtu anakodisha silaha, usimkabili mwenyewe.

Basi jibu ni lipi?

Ukikaa baraza la Langoni na mtu akuulize uko upande gani, mwambie hivi: sheria ya leseni ibaki kali, kwa sababu ndiyo inayofanya hapa mtaani ugomvi wa usiku usiwe msiba. Lakini asikudanganye mtu kwamba hiyo ndiyo itamlinda mkulima wa Juhudi. Huyo anahitaji mpaka unaolindwa, barabara inayopitika, na kama ni NPR, basi wachaguliwe kutoka kila jamii, walipwe, na kila bunduki na kila risasi iandikwe na ihesabiwe mbele ya watu.

Mwenye kisima hapa kisiwani hutaka kujua nani ana ndoo yake. Bunduki iliyotoka kwa kodi yako, uliza tu swali hilo hilo: iko kwa nani, na mara ya mwisho ilihesabiwa lini?